Ukoo wa Ngamiani (Kent na Tukwila, Marekani) 🌴: Jumamosi kwa Mama Msamoa

*Jumanne*

[19:42] Da Zainabu: Assalaam alaykum wote. Jumamosi hii saa 7 mchana tunakwenda kula kwa Mama Msamoa, yule mwenye mgahawa Federal Way. Bi Mkubwa anarudi Tanga tarehe 20 na ameshaniambia mara tatu anataka kumwona kwa macho yake. Nipeni idadi leo. Wakubwa wangapi, watoto wangapi.

[19:45] Da Zainabu: Na asiniambie mtu tusogeze mbele. Jumamosi ijayo hawafungui. Jumapili ya pili ya Oktoba ni siku ya watoto kanisani kwao, wanaiita Lotu Tamaiti. Watoto wanavaa nyeupe, wanasoma aya kwa moyo mbele ya watu, halafu siku hiyo wao ndio wanaopakuliwa kwanza, wakubwa wanangoja. Wiki nzima ni kushona na kufundisha watoto.

[20:30] Da Zainabu: Watu 17 mmesoma. Aliyejibu hakuna.

[20:31] Salma: Waalaykum salaam dada. Sisi wanne, na Bi Mkubwa wa tano.

[20:33] Tariq: 👍🏾

[20:33] Da Zainabu: Tariq, hicho kidole ni mtu mmoja au wawili?

[20:35] Tariq: Shikamoo shangazi. Mmoja. Labda na rafiki yangu

[20:36] Da Zainabu: Marahaba. Labda simwekei sahani. Sema ndiyo au hapana.

[20:51] Kaka Mbwana: Zainabu, huko si ndiko wanakochoma nguruwe mzima mzima? Bi Mkubwa tunampeleka wapi jamani

[20:58] Da Zainabu: Nilijua utauliza, na ni swali la haki. Ijumaa nilikwenda nikakaa na mama mwenyewe jikoni saa nzima. Umu yao ni mawe: yanawashiwa moto mpaka yanaiva, chakula kinapangwa juu, kinafunikwa majani ya mgomba. Nguruwe anaingia humo, sikufichi. Kwa hiyo chakula chetu hakipiti kwenye umu.

[21:00] Da Zainabu: Binti yake alimtafsiria. Mama hakujibu kitu, aliinuka akaenda stoo. Akarudi na sufuria mbili mpya, bado zina karatasi ya dukani, akazipangusa kwa lavalava yake, kile kitambaa wanachojifunga kiunoni, akaniwekea mbele. Akasema hizi ni za mama yake Athumani, yaani Bi Mkubwa. Atapika juu ya gesi alfajiri, kabla hajashika kitu kingine chochote.

[21:01] Salma: Subhanallah

[21:04] Da Zainabu: Tutakachokula: fa'alifu talo, ambayo ni majimbi ya nazi. Fa'alifu fa'i, ndizi mbichi za nazi. Palusami isiyo na nyama, yaani majani machanga ya majimbi yamefungiwa tui zito na kitunguu mpaka yanalegea kama kisamvu. Samaki wa kukaanga. Na oka. Nyama zote tunaacha, na sapasui, zile tambi zao, tunaacha kwa sababu ina nyama. Pisupo msiiulizie, ni nyama ya kopo.

[21:06] Kaka Mbwana: Oka ndo nini

[21:07] Da Zainabu: Jodari mbichi anakatwa vipande vidogo, anakamuliwa ndimu, anatiwa kitunguu, tango na tui.

[21:07] Kaka Mbwana: MBICHI?

[21:08] Da Zainabu: Ndimu inamgeuza anakuwa mweupe. Kula kwanza ndipo useme.

[21:10] Anko Saidi: Mbwana asitusumbue. Huyu alikula pweza pale Deep Sea, Tanga, hajaiva akatwambia ameiva kwa jua 😂😂

[21:10] Kaka Mbwana: 😂😂😂 Saidi nilikuwa na miaka tisa

[21:11] Mama Nasra: Na akaharisha siku nne 😂 bibi akamnywesha maji ya mchele

[21:12] Anko Saidi: Akawa anaogopa hata supu ya pweza sokoni

[21:13] Da Zainabu: Mnacheka, na idadi sina. Kuna meza sita tu pale. SITA. Ni mama, mumewe, binti na wajukuu wawili. Chakula kinaisha saa 8 mchana, wakimaliza wamemaliza. Majimbi ananunua kwa idadi. Amenipa mpaka kesho saa 10 jioni.

[21:15] Tariq: Halafu wazee mnajua Samoa ilikuwa ya Mjerumani kama Tanga? Kuanzia 1900 mpaka 1914, New Zealand wakaichukua vita vilipoanza. Wakapata uhuru tarehe 1 Januari 1962. Sisi Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961

[21:17] Anko Saidi: Ehe! Tumewatangulia siku 23. Basi watuamkie 😂

[21:18] Kaka Mbwana: Tariq kumbe unasoma huko

[21:18] Mama Nasra: Mwanangu mashaallah 🥰

[21:20] Da Zainabu: Tariq hongera. Rafiki yako anakuja au haji?

[21:55] Da Zainabu: Haya, lala salama. Nina watu watano na kidole kimoja.

*Jumatano*

[06:12] Da Zainabu: Asubuhi njema. Idadi.

[12:40] Kaka Mbwana: Nimefikiria. Kwa nini tusiende pale kwa Wahindi? Halali, unajipakulia mwenyewe, maegesho makubwa, Bi Mkubwa hapandi ngazi. Kwa Msamoa tumpelekee zawadi tu dukani kwake

[12:44] Da Zainabu: Kaka, Bi Mkubwa hakuomba kushiba. Ameomba kukaa kwenye meza ya mtu aliyempikia.

[12:45] Da Zainabu: Na ngazi ni moja, nimeipima. Inafika hapa chini ya goti langu. Tariq na Saidi watamshika.

[13:20] Rehema: Mimi samahani sitaweza. Nina shifti Jumamosi.

[13:22] Da Zainabu: Jumamosi huna shifti Rehema. Nimemuuliza shemeji.

[13:23] Rehema: Da Zainabu tafadhali.

[13:31] Da Zainabu: Tafadhali gani? Miaka mitatu unamkwepa yule mama. Ukimwona sokoni unageuza kigari. Na trei yake mpaka leo iko kwako.

[13:40] Rehema: Trei tena. Sawa. Semeni basi, wote mko hapa.

[13:46] Rehema: Siku ile ya msiba wa Athumani nyumba ilikuwa na watu sabini. Sheikh yuko sebuleni, wanawake wanakuja jikoni wananiuliza Rehema hii ni nini, imetoka wapi, imepikwa na nani. Mimi sijalala siku mbili. Wewe uko na karatasi za hospitali, Saidi yuko msikitini, Mbwana ndege haijatua. Nimuulize nani? Yule mama aliiweka trei ya chakula mezani, akanikumbatia, akaondoka. Neno lake hata moja sikulielewa. Nikaona bora nikose adabu kuliko watu wa msiba wale haramu mikononi mwangu. Usiku nikamwaga. Ndiyo, kwenye pipa la nyuma, mimi, kwa mikono yangu.

[13:52] Da Zainabu: Yalikuwa majimbi na samaki, Rehema.

[13:53] Da Zainabu: Athumani alipakia mizigo na mume wa yule mama uwanja wa ndege miaka sita, shifti ya usiku. Walikuwa wanakula pamoja saa 9 usiku kwenye lile benchi. Yule mzee alijua kabla yako na kabla yangu nini tunakula na nini hatuli. Aliamka akatoa samaki kwenye friji yake, mkewe akapika mbali na nguruwe, wakaleta. Na asubuhi alipopita kuuliza kama tunahitaji kitu, trei aliiona pale nje juu ya pipa.

[13:55] Rehema: Hilo hukuwahi kuniambia.

[13:58] Da Zainabu: *Ujumbe huu umefutwa*

[14:30] Anko Saidi: Ndo natoka kazini. Kuna nini huku

[14:31] Mama Nasra: Saidi panda juu usome, usiandike kitu

[16:05] Da Zainabu: Saa 10 imepita. Nimempigia nikamwomba mpaka kesho. Kakubali.

[18:20] Salma: Jamani nisameheni. Bi Mkubwa aliniambia nimsomee kikundi, nami nikaanza juu nikiteremka bila kutazama kinakoelekea. Amesikia yote. Amenyamaza, akaswali alasiri, sasa ameniambia nimshikie simu.

[18:41] Salma: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

[18:50] Anko Saidi: Niko kwenye basi siwezi kusikiliza, kasema nini

[18:58] Salma: Naandika kama alivyosema.

"Zainabu. Rehema. Nimesikia. Athumani nilimzaa mimi, na siku anafukiwa huko mimi niko Ngamiani nimeshika simu, naambiwa sasa wanamwosha, sasa wanamswalia. Aliyepika siku ile alinipikia mimi, maana mfiwa alikuwa mimi. Rehema mwanangu, sina kinyongo nawe. Uliogopa haramu, na hofu ile ndiyo niliyokulea nayo. Ila ulikuwa na mdomo wa kuuliza kesho yake, na kesho kutwa. Hukuuliza. Na chombo cha watu umekikalisha. Nyie mmekulia kwangu, mnajua chombo cha jirani hakirudi kitupu. Vitumbua nitapika mimi, nazi nitakuna kwa mkono wangu. Trei ataibeba Rehema mpaka mbele ya yule mama. Na wewe Zainabu, maneno ya msiba hayatupwi kwenye simu wajukuu wakisoma. Ulikuwa na haki, lakini umeisema vibaya. Basi."

[18:59] Salma: Mwisho wa maneno yake.

[19:20] Kaka Mbwana: Tumekusikia mama 🙏🏾

[19:21] Mama Nasra: 🙏🏾

[19:34] Anko Saidi: 🙏🏾 Sisi watatu Zainabu. Tuandike

[19:40] Kaka Mbwana: Mimi na wife na wale wawili. Mkubwa sijui, ana mpira

[20:02] Da Zainabu: Nimekusikia mama. Nisamehe. Rehema, nisamehe na wewe. Hiyo ya pipa nilikaa nayo mwenyewe muda mrefu mno, imenitoka pasipo mahali pake.

*Alhamisi*

[07:15] Da Zainabu: Asubuhi njema. Mambo machache kwa wanaokuja.

[07:18] Da Zainabu: Mkiwa mmekaa, binti wa pale akitaka kupita mbele ya Bi Mkubwa atainama mpaka kiunoni na kusema "tulou". Msishangae na msicheke. Kwao mtu hapiti wima mbele ya aliyekaa, hasa mzee. Niliona yule mjukuu, hajafika hata miaka saba, amebeba sahani mbili na bado anainama, tui halimwagiki. Watoto wetu nao wakipita mbele ya yule mama na mumewe wainame. Wakishindwa kusema neno, wainame tu na shikamoo yao.

[07:20] Da Zainabu: Pesa taslimu. Mashine ya kadi hana. Na yeye hatataka kupokea yetu, kwa hiyo Saidi usiitoe mbele ya watu, nipe mimi nitampa binti.

[07:41] Shem Lusajo: Nimechelewa kusoma shemeji, nilikuwa shifti. Wana kakao?

[07:44] Da Zainabu: Wanayo shem, koko Samoa. Wanakaanga mbegu, wanatwanga, wanachemsha na sukari. Chembechembe zinabaki chini ya kikombe.

[07:46] Shem Lusajo: Basi mimi mtu wa Kyela nakuja hata kama si kula. Hapa dukani wanauza vumbi

[07:47] Anko Saidi: Shem kaja kwa kakao, mke wake kaja kwa heshima, mimi nimekuja kwa samaki 😂

[07:49] Kaka Mbwana: Saidi wewe utakula oka kweli?

[07:50] Anko Saidi: Ukila wewe nakula. Jua likiwepo 😂😂

[07:52] Mama Nasra: Haya yameanza

[07:55] Da Zainabu: Gari. Nani anamchukua Bi Mkubwa? Salma gari lako lina viti vya watoto nyuma, magoti yake hayakunji. Mbwana la kwako ni la juu sana.

[09:30] Da Zainabu: Nimeuliza gari.

[11:48] Tariq: Shangazi rafiki yangu anakuja. Ila hali samaki

[11:49] Da Zainabu: Atakula majimbi.

[13:10] Da Zainabu: Mpaka sasa: Salma 5, Tariq 2, Saidi 3, Mbwana 4 au 5, Lusajo na mkewe 2, mimi na watoto 3. Mama Nasra hujasema. Rehema na shemeji hamjasema. Nampigia saa 10.

[14:02] Mama Nasra: Mimi niko njiani kwa daktari nitakujibu

[15:20] Rehema: Trei iko gereji, juu ya kabati. Niliiosha asubuhi ile ile nikaifunga kwenye kanga, ile ya kahawia aliyoniletea Athumani alipokwenda nyumbani mara ya mwisho. Sijawahi kuifungua. Ina jina lao limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukingo.

[15:24] Rehema: Salma, mchele wa vitumbua naloweka mimi au wewe? Ukiwa wangu nauanza leo usiku. Iliki ninayo.

[15:26] Salma: Loweka wewe. Hamira iko kwangu. Bi Mkubwa anasema usisage mapema, na utumie mchele mpya, si ule wa gunia.

[15:27] Rehema: Haya.

[15:31] Da Zainabu: Rehema, kwa hiyo nakuhesabu?

[15:58] Da Zainabu: Rehema?

[16:01] Da Zainabu: Nimemwambia mama ishirini na mbili. Na gari la Bi Mkubwa bado.