Penalti ya mwisho, kipa kautema, kijana kamalizia: goli au si goli?

Mwalimu_Wete: Assalaam alaykum wanamichezo. Mimi nasomesha hisabati, filimbi hupewa kwa sababu nina saa ya mkononi. Juzi skuli mbili zilicheza hapa Wete, dakika 35 kila kipindi, 1-1. Mwisho mwisho beki kaushika mpira ndani ya boksi, nikatoa penalti. Balaa likaanzia hapo: kipa kakaa chini, mwalimu wao kaingia uwanjani na kandambili zake. Dakika 4 zikapita mpira haujapigwa. Nikawaita makapteni: "Ikipigwa hii, mpira umekwisha." Kijana kapiga, kipa kautema, kijana yule yule kautia wavuni. Nikalikataa. Mpaka leo nikenda kununua samaki naulizwa. Nimekosea?

Kipa_Mstaafu: Hujakosea. Muda ukishakwisha, kipindi hurefushwa kwa ajili ya penalti ile tu. Akiugusa mchezaji yeyote zaidi ya kipa anayelinda, imekwisha. Lakini ukigonga mlingoti, ukampiga kipa mgongoni ukaingia, ni goli. Mimi nilifungwa hivyo, mgongo wangu mwenyewe.

Refa_Chake: Ngojeni kwanza. Mwalimu, ulipopuliza penalti saa yako ilisema ngapi?

Mwalimu_Wete: 34 na sekunde chache.

Refa_Chake: Basi lilikuwa goli halali. Saa ya mpira wetu haisimami, lakini refa anadaiwa muda uliopotea. Zile dakika 4 za mabishano ni deni, na bado ulikuwa na karibu dakika nzima ya kawaida mkononi. Penalti ilipigwa ndani ya muda, kwa hiyo kipa akiutema, mpira unaendelea. Kanuni aliyoitaja Kipa ni ya kweli, ila huingia pale muda wote umeshamalizika, pamoja na wa nyongeza. Wewe uliteleza mapema, pale ulipowaita makapteni. Na ujue: muda ukishakwisha, ni penalti peke yake inayosubiriwa. Friikiki, hata iwe hatua moja nje ya boksi, hairefushiwi kitu.

Mpemba_Ohio: Huku Marekani mwanangu anacheza ule mpira wao wa kukumbatiana, futiboli ya Kimarekani, sekondari. Robo moja ni dakika 12, na saa yao husimama kweli. Timu ikicheza rafu katika pigo la mwisho la robo (pigo ni toka mpira uanzishwe mpaka usimame) na wenzao wakaikubali adhabu, mara nyingi robo hurefushwa kwa pigo moja, saa imezimwa. Zikibaki chini ya dakika 2 nusu iishe, waliofanyiwa kosa wanaweza kutaka saa isianze mpaka mpira uanzishwe tena, mkosaji asije akala muda. Nilikuwa nawaona wanajisumbua bure, mpaka niliposoma ya kandambili.

Mwalimu_Wete: Subhanallah. Na yule mpigaji namsomesha Jumatatu, kipindi cha kwanza.