Naomba ushauri: nipime nadharia za mvutano kwa setilaiti au kwa nyota?

Wadau, nasoma fizikia Makerere, na tasnifu yangu inahusu nadharia zinazorekebisha nadharia ya Einstein ya mvutano (graviti). Nyingi hukwama hapa: vitu vyote lazima vianguke sawa, viwe titani au platini. Setilaiti ya Ufaransa, MICROSCOPE, iliyorushwa 2016, haikuona tofauti hata ya sehemu chache kwa trilioni elfu moja. Lakini nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanana mno cha nyota iliyolipuka, ni mtihani mwingine kabisa, maana mvutano wake wenyewe unachangia uzito wake. Ndiyo maana navutiwa na J0337+1715: nyota ya nyutroni na vibete weupe wawili (masalia ya nyota zilizozimika), wote wakizungukana. Hesabu zake sasa, mama yangu! Msimamizi ananishauri nibaki na vipimo vya leza zinazorushwa kutoka Duniani hadi Mwezini. Aliyewahi kuushika mfumo huo, nianzie wapi, na je, laptopu ya kawaida itatosha?