Mjadala: Sudan ilikosa wapatanishi, au wapatanishi walizidi?

Karani wa ghala la chai, Shimanzi

Ndugu zangu wa Mombasa, naomba tulijadili hili bila matusi. Kwa nini wakubwa hukaa mezani miezi na miezi, wakatia saini, wakapeana mikono, kisha risasi zikalia vilevile? Nachukua mfano wa Sudan kwa sababu vita vile vimetufikia mpaka hapa.

Machi 2025 Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Sababu ni kwamba mwezi wa nyuma yake RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walitia saini Nairobi hati ya kuunda serikali yao wenyewe. Sudan ilikuwa mnunuzi wa miaka mingi katika mnada wetu wa hapa. Ghalani kwetu palikuwa na mzigo tayari kwa safari ya Port Sudan: mifuko ya karatasi iliyopigwa chapa ya kiwanda, gredi na uzito, imepangwa karibu kufika dari. Wapakizi walikaa kwenye kivuli cha lori tangu asubuhi wakingoja neno. Hao hulipwa kwa siku. Alasiri mmoja wao alinijia kuniomba nimkopeshe nauli ya kurudi Changamwe, na hakuweza kuniangalia usoni.

Sasa turudi nyuma kidogo. Burhan wa jeshi na Hemedti wa RSF walipindua serikali wakiwa pamoja Oktoba 2021. Desemba 5, 2022 walitia saini mkataba wa awali wa kuwarudishia raia utawala. Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake), Marekani, Uingereza, Saudia na Falme za Kiarabu wote walikuwa na mkono katika mazungumzo hayo. Lakini yale magumu yaliwekwa kando yaje kuzungumzwa baadaye, na gumu kuliko yote lilikuwa bunduki. RSF waingizwe jeshini kwa muda gani? Jeshi lilitaka miaka 2, RSF wakataka 10. Saini ya mwisho ilikuwa iwekwe Aprili 1, 2023, ikasogezwa hadi tarehe 6, nayo ikapita. Aprili 15, kumi la mwisho la Ramadhani, watu wa Khartoum wamefunga, mizinga ikaanza.

Msimamo wangu ni kwamba wapatanishi hawakukosekana. Walikuwa wengi, na wengine walikuwa na lao. Falme za Kiarabu zinatuhumiwa kuwapa RSF silaha. Zinakanusha, lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema tuhuma hizo ni za kuaminika, na nchi hiyohiyo imo katika kundi la nchi nne zinazosaka suluhu. Na sisi Wakenya tusijitoe. Rais wetu alipowekwa kuongoza jopo la IGAD, jeshi la Sudan lilimkataa likisema anaegemea RSF. Serikali ikakana. Januari 2024 Hemedti akapokewa Nairobi, na mwezi huohuo Sudan ikajitenga na IGAD.

Mama wa mahamri, Majengo

Mwanangu, umewaonea wapatanishi. Hapa mtaani majirani wakigombania mpaka wa kiwanja huitwa imamu na mzee wa mtaa. Wanakaa, chai inanywewa, fatiha inasomwa. Lakini kama mmoja ameshateremsha mawe na saruji usiku, huyo hakuja kusuluhishwa, amekuja kununua muda ainue ukuta wake. Utamlaumu imamu? Hao majenerali wawili walikuwa wakileta askari mjini huku wakizungumza. Kosa ni lao.

Mzee wa Mji wa Kale

Bi mkubwa amesema kweli, nami naongeza lililo zito zaidi. Si kila vita huzuiwa kwa maneno, na wakati mwingine anayehimiza maneno anamsaidia mwenye nguvu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia Kagera, Tanzania, na Amin akatangaza kuwa ardhi ile ni ya Uganda. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka kusuluhisha. Mwenyekiti wake mwaka huo alikuwa Nimeiri, rais wa Sudan hiyohiyo tunayoizungumza leo. Nyerere alitaka kwanza Amin alaaniwe, na umoja haukuwa tayari. Sisi watu wazima tunaikumbuka hotuba yake: sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ukimweka aliyevamia na aliyevamiwa kwenye mizani moja ukaita hiyo ni haki, umeshapotea.

Mwanafunzi, Tudor

Shikamoo wazee. Mimi naona tunahangaika na madirisha ilhali mlango umefungwa New York. Novemba 2024 Uingereza na Sierra Leone zilipeleka Baraza la Usalama azimio la kusitisha mapigano Sudan. Nchi 14 ziliunga mkono. Urusi peke yake ikapiga kura ya turufu, azimio likafa. Karani, hapo mpatanishi hata awe malaika atafanya nini?

Dereva wa trela, Miritini

Kijana, Kenya ilipona bila Baraza la Usalama. Januari 2008 nililala ndani ya trela siku kadhaa, barabara ya kwenda Uganda haipitiki, mafuta na ngano zimekwama. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini katika ghasia za baada ya uchaguzi. Kofi Annan akaja kusuluhisha, Februari 28 Kibaki na Raila wakatia saini ya kugawana madaraka.

Karani wa ghala la chai, Shimanzi

Asante dereva, hapo ndipo nilipotaka tufike. Annan alisimamia jambo moja kwa nguvu: meza iwe moja na mpatanishi mmoja. Asiyependa asemayo hakuwa na pengine pa kukimbilia. Sudan je? Jedda, Saudia, Mei 2023 jeshi na RSF waliahidi kuwalinda raia, na mapatano ya siku 7 yaliyofuata yakavunjwa. Julai ikawa Kairo. Januari 2024 wajumbe wakakutana Manama, Bahrain. Agosti 2024 Geneva, jeshi halikutokea kabisa. Ukibanwa mlango huu unatokea ule.

Mama, mfano wako wa ukuta nimeupenda, ila niulize: saruji ile ililetwa na lori la nani? Kama imamu anajua mwenye lori na akanyamaza kwa sababu ni rafiki yake, basi naye ana sehemu yake katika ule ukuta. Na kijana, Juni 2024 azimio lilipita bila turufu, likiwataka RSF waache kuuzingira mji wa El Fasher huko Darfur, magharibi ya Sudan. Uliendelea kuzingirwa mpaka ukaanguka Oktoba 2025.

Mwanafunzi, Tudor

Sawa kaka, lakini Kibaki na Raila hawakuwa na majeshi mawili yenye vifaru. Hemedti ana dhahabu ya Darfur. Hahitaji msaada wa mtu ili aendelee kupigana.

Karani wa ghala la chai, Shimanzi

Hilo nalikubali, limenipunguzia hoja. Kwa mtu mwenye dhahabu, meza moja peke yake haitoshi. Lazima dhahabu nayo ikose mnunuzi, na wanunuzi hawako Darfur. Ndiyo maana nasisitiza tuangalie wanaofanya biashara na upande mmoja kisha wakaja kuongoza mazungumzo. Mzee wa Mji wa Kale, kuhusu mizani sina la kukujibu.

Mama wa mahamri, Majengo

Na wale wapakizi mwanangu, walirudi kazini?

Karani wa ghala la chai, Shimanzi

Wawili walirudi, mama. Yule aliyeniomba nauli simuoni. Nimeuliza, naambiwa yuko Voi anachoma mkaa. Ile mifuko tulibandika karatasi mpya juu ya jina la Port Sudan.