Ndege mvumaji wa Santa Marta: alipotea au hakutafutwa?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ndege mvumaji (ndege mdogo afyonzaye maji matamu ya maua) mwenye ndevu za buluu, Oxypogon cyanolaemus, hakuonekana tangu mwaka 1946 hadi Machi 2015, alipopigwa picha katika milima ya Sierra Nevada de Santa Marta, kaskazini mwa Kolombia. Inawezekanaje ndege asionekane kwa miaka 69? Na ikiwa wamebaki wachache, kwa nini baadhi wasikamatwe wakazalishwa vizimbani?

Jibu la kwanza
Sidhani kwamba alijificha. Milima hiyo huinuka karibu na bahari ya Karibi hadi kupita mita 5,000, na kwa miaka mingi vita vya ndani viliwazuia watafiti kufika. Tena sehemu kubwa ni ardhi ya wenyeji, wakiwamo Wakogi, ambao bila idhini yao mgeni hapandi. Isitoshe, kabla ya 2013 alihesabiwa kuwa nususpishi tu, yaani tawi la spishi nyingine, na nususpishi ni nadra kupata mfadhili. Ajabu ni kwamba wahifadhi wawili wa shirika la ProAves waliomwona walikuwa huko kurekodi uharibifu wa moto.

Jibu la pili
Moto huo ndio jibu la swali lako la pili. Nyasi za paramo, yaani uwanda ulio juu ya ukomo wa misitu, huchomwa ili majani machanga yachipue kwa ajili ya ng'ombe, na moto ukipita huteketeza Libanothamnus occultus, mmea wa jamii ya alizeti ambao maua yake humlisha ndege huyu. Mara nyingi yeye hutua na kung'ang'ania ua kwa kucha anapofyonza, badala ya kuelea hewani kama wenzake wengi. Mmea ukiisha, hao wa vizimbani utawarudisha wapi?

Aliyeuliza
Nimeelewa. Basi eneo lifungwe kabisa?

Jibu la tatu
Napinga, kwa sababu baadhi ya wenye mifugo ni wenyeji wenyewe, na kuwafungia milima yao ni kuchochea ugomvi. Afadhali kukubaliana nao ng'ombe wasifike penye mimea hiyo, na mingine ipandwe palipoungua. Jambo hili halimhusu ndege mmoja tu: mvumaji mwingine wa milima hiyohiyo, Campylopterus phainopeplus, ambaye baada ya 1946 alikuwa amethibitishwa mara moja tu, mwaka 2010, alionekana tena Julai 2022.