Kadi za uongo zinaiua gofu ya ridhaa, na kamati zetu zinatazama tu

Wanajukwaa, heshima kwenu. Nimesubiri siku tisa kabla ya kuufungua uzi huu ili hasira ipungue. Haikupungua, kwa hiyo naandika nikiwa nayo, ila nitajitahidi kwenda kwa utaratibu. Sitataja klabu wala jina la mtu, maana jambo lenyewe nimelikuta katika viwanja zaidi ya kimoja, Dar es Salaam na mikoani, na wengi wenu mtalitambua hata bila majina.

Katika mashindano ya mwezi nilipangwa kwenye kundi la watu wanne, nikakabidhiwa kadi ya mzee mmoja anayeheshimika sana klabuni, mwenye handikapu ya 24, yaani mikwaju anayopunguziwa ili wenye viwango tofauti washindane sawa; aliye dhaifu ndiye mwenye namba kubwa. Mimi ndiye niliyekuwa mwandika alama wake, mwenye wajibu wa kutia saini kwamba alichokipiga ndicho kilichoandikwa. Tulicheza kwa pointi za Stableford, ambapo kila shimo lina pointi zake na mwenye pointi nyingi ndiye mshindi; mchezaji aliyecheza sawasawa na handikapu yake humaliza mashimo 18 akiwa na pointi 36. Kufikia shimo la 13 mzee alikuwa na pointi 31, nami nilishaanza kujiuliza ni mchezaji gani wa 24 anayeipiga draiva, ile fimbo ya masafa marefu, kwa mstari mnyoofu namna ile.

Shimo la 14 mpira wake ulikwenda kulia, ukazama kwenye nyasi ndefu chini ya miarobaini. Nikamshauri apige mpira wa akiba, wa kuendelea nao ule wa kwanza ukikosekana, kabla hatujaondoka kwenye tii, pale shimo linapoanzia. "Mdogo wangu, ule tutauona," akanijibu, akaanza kutembea. Tulipofika nikatazama saa, kwa sababu tangu mwaka 2019 kanuni ya 18 ya gofu inatoa dakika tatu za kutafuta mpira, si tano kama zamani. Dakika tatu zikaisha. Nikamwambia kwa adabu kwamba muda umekwisha. Hakunijibu, akaendelea kupekua nyasi kwa fimbo. Zikafika tano, zikafika sita, na kundi lililokuwa nyuma yetu likawa limesimama kwenye tii likitukodolea macho. Ndipo kedi wake, kijana anayembebea mkoba wa fimbo, alipopaza sauti, hatua kama ishirini kutoka pale tulipouona mpira ukiingia: "Huu hapa!" Nikaenda kuangalia. Ulikuwa umekaa juu ya nyasi fupi, mahali pazuri kuliko mpira wangu uliokuwa katikati ya fewei, ile njia ya nyasi zilizokatwa.

Sitasema alichokifanya mtu. Nitasema nilichokiona. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na mipira yetu yote ilikuwa imepakaa matope, lakini ule ulikuwa mweupe kama umetolewa kwenye boksi muda huo huo. Ulikuwa na nukta mbili nyekundu za kalamu, kama alizotuonyesha mzee kwenye tii ya kwanza. Tulipofika kwenye grini, penye nyasi laini na shimo lenyewe, aliuwekea alama, akauokota na kumpa kedi aufute. Kitambaa kilikuwa cheupe. Kilipotoka kwenye mpira kilikuwa na michirizi ya rangi ya waridi. Kedi alikikunja upesi, akainama kutazama viatu vyake. Wino uliokaa juu ya mpira tangu asubuhi hautoki namna hiyo.

Basi hata wino tuuache. Mpira ulioonekana baada ya dakika tatu ni mpira uliopotea, hata ukiwa na cheti cha kuzaliwa. Mchezaji anaongeza mkwaju mmoja wa adhabu na kurudi alikopigia mwanzo, na ndiyo maana nilimsihi apige wa akiba. Kanuni zenyewe wala si katili: kunguru akiunyakua mpira wako ukiwa umetulia na ikajulikana hivyo, unaweka mwingine palepale ulipokuwa, bila adhabu yoyote, na sisi wa Dar tunawajua kunguru wetu. Siku hiyo hakuna kunguru aliyetajwa. Mzee alimaliza shimo, akaniambia, "Niandikie tano." Nikamweleza kwamba sitaandika mikwaju mitano, na kwamba tukifika nitalipeleka suala hili kwa kamati. Akacheka tu.

Alimaliza na pointi 44. Nilikataa kutia saini, jambo ambalo mwandika alama anaruhusiwa kulifanya asipokubaliana na alama za mchezaji. Kinachotakiwa ni kamati iwasikilize wote wawili kisha iamue. Kamati haikumsikiliza mtu. Haikumuuliza kedi, haikuwauliza waliokuwa nyuma yetu. Mwenzetu wa nne, ambaye wakati wa tukio alikuwa upande wa pili wa fewei akihangaika kwenye bunka, shimo la mchanga, aliombwa atie saini mahali pangu, naye akatia. Nilipolalamika nikaambiwa na kiongozi mmoja, mbele ya watu wakiwa na glasi mikononi: "Ndugu yangu, mzee analipa ada hapa tangu wewe hujajua kushika fimbo." Nusu saa baadaye mzee alipigiwa makofi na kukabidhiwa jokofu la mdhamini.

Nisieleweke vibaya kuhusu kedi. Yule kijana analipwa kwa raundi, na bahasha yake ya siku inategemea furaha ya anayembebea mkoba. Ukimlaumu yeye ukamwacha mwenye mkoba, utakuwa umemwonea.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi ya jokofu. Mfumo wa handikapu wa dunia, ulioanza kutumika mwaka 2020 na kuunganisha mifumo sita iliyokuwa ikitumika sehemu mbalimbali, unachukua kadi zako 20 za mwisho, unachagua 8 zilizo bora na kutoa wastani wake. Ni mfumo wenye akili. Una breki ya kuzuia handikapu isipande kiholela: ikipanda zaidi ya 3 kutoka kiwango chako cha chini cha miezi 12 iliyopita, kasi inapunguzwa kwa nusu, na ongezeko lote haliwezi kuvuka 5. Una pia nyundo kwa anayecheza vizuri kupita kiasi, kwani kadi iliyo bora kuliko handikapu yake kwa 7 inamshusha kwa 1 zaidi, na iliyo bora kwa 10 au zaidi inamshusha kwa 2. Lakini akili yote hiyo inategemea kitu kimoja tu, yaani kadi kurudishwa, zote, nzuri na mbaya. Mtu anayecheza Jumanne na rafiki zake akapiga vizuri, akaikunja kadi na kuitia mfukoni, kisha Alhamisi akapiga ovyo na kukimbilia ofisini kuiandikisha, huyo hachezi gofu, anafuga handikapu. Anailisha wiki baada ya wiki mpaka inone, kisha anakuja kuichinja siku ambayo mdhamini ameleta jokofu. Kazi ya kumbana ni ya kamati ya handikapu, ambayo ina mamlaka ya kupitia rekodi ya mchezaji na kumshusha yenyewe. Kwa miaka minne niliyokuwa mwanachama sijawahi kuona tangazo hata moja ubaoni la mtu aliyeshushwa kwa njia hiyo.

Upo na ugonjwa wa upande wa pili, na huo nimeuugua mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilicheza na kundi lililokuwa likisameheana puti, mikwaju ya kuusukuma mpira shimoni: mpira ukifika urefu wa fimbo kutoka shimoni, mtu anasema "okota," unaokota, na kwenye kadi inaandikwa kana kwamba umeingiza. Kusameheana kunaruhusiwa katika mchezo wa mtu kwa mtu wa kushindania mashimo, basi. Katika kuhesabu mikwaju, asiyeingiza mpira na asirekebishe kabla ya kuanza shimo linalofuata anaondolewa mashindanoni. Katika Stableford anapata sifuri kwa shimo hilo. Mimi nilisamehewa mpaka nikawa na handikapu ya 17, nikatembea nayo kifua mbele, kisha nikasafiri na wenzangu kwenda Arusha, ambako hakuna aliyenisamehe. Nilipata pointi 19. Puti ya mita moja ambayo nilidhani naijua ilinikataa mara sita katika raundi moja, na katika safari nzima ya kurudi Dar hakuna aliyenitajia gofu, kwa huruma.

Kilichonifunza ni aibu ile. Nilianza kubaki kwenye grini ya mazoezi kila jioni ninayopata nafasi, na kupiga puti mia moja za mita moja, nikihesabu kwa sauti na kuanza upya nikikosa hata moja kati ya kumi za mwisho. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, ile ligi kuu ya Marekani, wenyewe huingiza kama nusu tu ya puti za futi 8, sembuse sisi wa wikiendi. Handikapu yangu ilipanda kwanza mpaka 22, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kweli, kisha ikaanza kushuka polepole, na leo ni 19. Hii 19 naijua ilikotoka. Mnaouliza kila siku humu jukwaani namna ya kuboresha mchezo, mtapimaje kuboreka kwenu ikiwa kipimo chenyewe mmekipinda? Mtu atanunua draiva mpya kila mwaka, aongeze mita kumi, na asijue kwamba mikwaju yake inapotea ndani ya hatua thelathini kutoka shimoni, kwa kuwa mikwaju hiyo haijawahi kuandikwa.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo tu. Siku hiyohiyo nilihesabu fimbo 15 kwenye mkoba wa mmoja wetu, na kikomo ni 14. Alisema ya 15 ni ya mtoto wake, aliisahau humo. Adhabu katika mashindano ya mikwaju ni mikwaju miwili kwa kila shimo lililochezwa hivyo, isiyozidi minne, na kanuni haiulizi fimbo ni ya mtoto wa nani. Vifaa vya kupimia umbali vinaruhusiwa tangu 2019, klabu isipovizuia, lakini ile sehemu inayosoma mwinuko na mteremko lazima izimwe. Kwenye kundi letu ilikuwa ikiwaka mchana kutwa. Kila mtu aliona, nami nikiwamo, na kwa hilo nilinyamaza. Nakiri.

Najua yupo atakayeniambia kwamba sisi ni watu wa ridhaa, tunacheza kwa kujifurahisha, hayo ya kanuni tuwaachie wanaolipwa. Bobby Jones alikuwa mchezaji wa ridhaa. Katika US Open, mashindano ya ubingwa wa taifa wa Marekani, ya 1925 kule Worcester, alijitoza mwenyewe mkwaju mmoja kwa sababu mpira wake ulisogea alipokuwa akijiandaa kuupiga, ingawa hakuna mwingine aliyeuona ukisogea. Mashindano yalipokwisha alilingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, na akalikosa kombe. Mkwaju ule mmoja ungempa ubingwa wa taifa, na sisi hapa tunazungumzia jokofu.

Ninachodai kwa kamati, nayo inanisoma maana baadhi ya wajumbe wamo humu, ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Kanuni ya 20 inaruhusu mchezaji kuondolewa hata baada ya matokeo kutangazwa, endapo alijua kwamba amevunja kanuni na bado akarudisha alama pungufu. Mzee alijua, kwa sababu nilimwambia palepale nikiwa na saa mkononi, na mashahidi wapo. Iitwe kamati, tukae, aulizwe, niulizwe. Ikiwa tatizo letu ni kwamba kurudi kwenye tii kunachelewesha mchezo, ipo kanuni ya ndani ambayo klabu inaweza kuipitisha kwa mashindano ya kawaida kama yetu, inayomruhusu aliyepoteza mpira kuangusha mwingine kwenye fewei karibu na ulipopotelea, kwa adhabu ya mikwaju miwili. Ibandikwe ubaoni, kusiwe na kisingizio cha kupekua nyasi kwa dakika sita. Na orodha ya handikapu, pamoja na kadi 20 za kila mtu, iwe wazi kwa wanachama wote, kwa sababu mfumo wenyewe unategemea wachezaji kukaguana.

NYONGEZA, saa mbili usiku. Nimepokea ujumbe wa faragha kutoka kwa wanachama watatu. Wawili wananiunga mkono, lakini wameomba nisiwataje. Wa tatu ananishauri niende kumwomba mzee radhi, kwa kuwa ni mtu mzima na nimemvunjia heshima mbele ya watu. Ndugu yangu, nimelipokea kwa heshima, na nitamwamkia mzee kila nitakapokutana naye kama ambavyo nimekuwa nikifanya siku zote. Radhi ya kutosaini kadi ile sitaomba. Orodha ya mashindano ya mwezi ujao imebandikwa leo mchana, nami nimepangwa kundi la mwisho na wageni wawili, na safari hii sijapewa kadi ya mwanachama yeyote. Mwenye uzoefu wa kupeleka suala kama hili ngazi ya chama cha taifa pale ambapo kamati ya klabu imekataa kukaa, naomba anielekeze ni barua gani inaandikwa na inapelekwa kwa nani.