Tiketi tatu kwenye paki ninayoilipia kodi

Kutoka: Mwana wa Kirumba, Leicester

Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Nipo nyumbani Kirumba, Mwanza, nimekuja kwenye harusi ya mdogo wangu na nina wiki tatu zaidi kabla ya kurudi. Jana niko Mwaloni natafuta dagaa wa kubeba, mwenzangu ninayekaa naye nyumba moja kule Leicester akanitumia picha: kioo cha gari langu kina bahasha tatu za njano. Kampuni ya paki. Pauni 100 kila moja, ukilipa ndani ya siku 14 inashuka hadi 60. Kosa lenyewe, kibali hakionekani.

Kibali kipo. Kimedondoka chini ya kiti, nadhani gundi imeachia kwa joto. Nafasi ni yangu, namba 14, imeandikwa kwenye mkataba wa pango na nailipia kila mwezi ndani ya kodi. Gari nililiacha hapo Jumapili jioni nikielekea uwanja wa ndege, na halijasogea.

Tiketi ya kwanza imebakiza siku nne punguzo liishe. Nilipe hizo 180 yaishe? Hapa nyumbani kila mtu ananiambia lipa. Mama akisikia neno mahakama hapati usingizi, anaona madalali wamefika kubeba kochi.

---

Kutoka: Wa Igoma, Birmingham

Mdogo wangu, zichane. Mimi tangu 2011 nazichana na sijawahi kuitwa popote. Wale ni wafanyabiashara, si serikali. Kula sato wako kwa amani.

---

Kutoka: Dada wa Nyakato, Coventry

Kaka wa Igoma, kwa heshima zote, ushauri huo ni wa enzi za mwaka huohuo ulioutaja. Zamani kampuni ilimdai dereva tu, na kama haimjui imekwama. Tangu Oktoba 2012, kwa Uingereza na Wales, sheria inairuhusu kumdai mwenye jina kwenye kadi ya gari iwapo imefuata utaratibu wote. Jina na anwani inazipata DVLA, mamlaka ya kusajili magari, kwa pauni mbili na nusu. Nafuu kuliko soda mbili za kule.

Mimi nilizichana. Nikahama nyumba, sikubadilisha anwani kwenye kadi ya gari, ile V5C. Barua zote zikaenda kwa mpangaji mpya, naye akazitupa. Hati ya madai ya mahakama ikaenda hukohuko. Sikujibu kitu nisichokiona, hukumu ikatoka bila mimi kuwepo. Nilijua siku nilipokataliwa mkataba wa simu. Hukumu ya namna hiyo usipoilipa ndani ya mwezi mmoja inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita, na kuomba mahakama iifute kulinigharimu zaidi ya pauni 250 za ada tu. Kwa tiketi ambayo naapa ningeishinda!

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako si kibali. Kadi ya gari ina anwani unayoishi sasa?

---

Kutoka: Mwana wa Kirumba, Leicester

Anwani ni sahihi, dada. Pole sana kwa yaliyokukuta.

---

Kutoka: Mzee wa Pasiansi

Mwangaluka wote.

Nimeishi Uingereza miaka ishirini na mbili kabla ya kurudi kuchunga kuku wangu hapa, na kwa jambo hili nimewahi kupigana mara mbili. Nikashinda moja na nusu. Hiyo nusu nitaisimulia tukionana.

Kwanza kijana, ile sentensi yako kwamba gari uliliacha mwenyewe Jumapili, humu imeshapita, lakini usiirudie kwenye barua yoyote kwenda kwa kampuni. Huna wajibu wa kuitajia kampuni binafsi nani alikuwa dereva. Polisi wakiuliza ni jambo jingine. Unaandika kama mwenye kadi ya gari, basi. Simwambii mtu aseme uongo, na wala usidanganye kwamba kwa kuwa ulikuwa Mwanza huhusiki. Gari halikujipaki lenyewe, na msuluhishi wa rufaa atalijua hilo kabla ya kumaliza kusoma.

Kwa nini dereva ana uzito? Kwa sababu kampuni ikitaka kumbana mwenye kadi lazima ifuate tarehe. Tiketi iliyobandikwa kiooni, barua ya pili kwa mwenye kadi inatakiwa imfikie baada ya siku 28 na kabla ya siku 56 kupita. Kama ni kamera iliyosoma namba na hakuna kilichobandikwa, barua imfikie ndani ya siku 14. Ikichelewa, wamebaki na dereva wasiyemjua. Mwenzako aandike tarehe ya kila bahasha anayoikuta mlangoni, apige picha hadi muhuri wa posta.

Sasa kuhusu hofu ya mama. Hapa kwetu dalali wa mahakama ukimwona getini kweli kochi linaondoka. Na ushuru wa paki pale mjini ni wa TARURA, wakala wa barabara wa serikali, deni la serikali hasa. Kwa hiyo mama anaogopa kitu cha kweli, ila cha nchi nyingine. Ile karatasi ya Leicester si faini. Halmashauri za kule nazo hutoa tiketi zenye herufi zilezile, PCN, lakini kwa halmashauri P ni ya adhabu na kwa kampuni ni ya paki tu. Wamechagua makusudi zifanane. Hiyo ni ankara: anakuambia ulivunja mapatano naye, nipe pauni mia. Baadaye ataleta barua za wakusanya madeni zenye wino mwekundu, wameongeza sitini au sabini juu. Hao hawana mamlaka hata ya kugusa kitasa. Kufunga gari minyororo kwenye ardhi ya mtu binafsi kulipigwa marufuku mwaka uleule wa 2012. Mtu wa kubeba mali anakuja tu baada ya hukumu ya mahakama isiyolipwa, na huko ndiko alikofikishwa dada wa Nyakato kwa kukaa kimya.

Kiini cha shauri lako kiko kwenye neno mapatano. Dukani, ukiingia paki ya watu yenye bango, umekubali bango. Mahakama ya Juu ilisema hivyo Novemba 2015, kesi ya paki ya maduka ya Chelmsford: saa mbili za bure, mtu akazidisha karibu saa nzima, akadaiwa pauni 85, akashindwa hadi ngazi ya mwisho. Kampuni zinapenda sana kukutajia kesi hiyo. Lakini yule alikuwa mgeni. Wewe si mgeni. Haki ya kuweka gari namba 14 ulishaipata kwa mwenye nyumba, kwa kodi, kabla hata bango halijasimikwa. Kampuni inakuuzia kitu ambacho tayari ni chako, kisha inakutoza kwa kutokinunua vizuri. Ni sawa na mtu aje asimame uani kwako Kirumba aanze kukata ushuru wa wewe kuanika dagaa wako.

Mwaka 2016, huko Oxford, kulikuwa na rufaa ya mkazi aliyesimamisha gari mlangoni mwa jengo lake kupakua meza. Kampuni ikamdai. Jaji akatazama mkataba wa nyumba, akaona una haki ya kupita na kuingia, akasema kampuni ya nje haiwezi kuja kuubadilisha kwa bango. Akaongeza kwamba kusimama kupakua mzigo si kupaki. Si uamuzi unaozifunga mahakama nyingine, ila wanausikiliza.

Kwa hiyo nenda kwenye mkataba wako leo. Soma mstari wa paki neno kwa neno, unitumie.

---

Kutoka: Wa Igoma, Birmingham

Nimeelewa. Sasa naenda kutafuta zile nilizozichana.

---

Kutoka: Mwana wa Kirumba, Leicester

Mzee, shikamoo. Nimeshinda steshenari karibu na Makoroboi tangu saa nne, umeme ukikatika na kurudi, hadi nikaupata kwenye barua pepe za zamani na kuuprinti. Kwa Kiswahili changu, unasema: mpangaji anapewa nyumba namba fulani "pamoja na nafasi ya maegesho namba 14". Nimeusoma mara tatu, kurasa kumi na moja. Neno kibali halimo popote. Kampuni haimo. Kuna mstari mmoja mwishoni kwamba mpangaji atafuata kanuni za jengo "alizopewa nakala yake". Sikupewa nakala ya kitu. Kibali chenyewe nilikikuta kwenye droo ya jikoni siku ninaingia, hakuna barua.

---

Kutoka: Mzee wa Pasiansi

Marahaba. Huo ni mkataba mzuri, na huo mstari wa mwisho ndio kampuni itakaokimbilia, kwa hiyo uuwahi. Mwandikie mwenye nyumba au wakala wake sasa hivi, barua pepe, si simu, umwulize maswali mawili: lini nilipewa nakala ya kanuni za jengo, na je, kanuni hizo zinasema chochote kuhusu kibali? Hawezi kukujibu kwa tarehe asiyo nayo. Halafu umwambie ukweli kwamba wakala wa jengo aliyeiajiri kampuni ndiye anayeweza kuiagiza ifute, na kwamba wewe unanyimwa raha ya kitu alichokukodisha. Kiangazi hiki wako nyuma yetu saa mbili. Ukituma saa sita mchana wetu, wanaikuta wakinywa chai.

Njia hii watu wanaidharau kwa sababu haina neno la kisheria ndani yake. Ya kwangu ile niliyoshinda, niliishinda kwa barua ya mistari sita kwa wakala wa jengo. Ukishakwenda kwenye rufaa umeingia kwenye meza ya kampuni.

Wakikataa au wakinyamaza siku mbili, kata rufaa kwa kampuni kabla ya siku 28, kila tiketi peke yake, ambatanisha ukurasa wa mkataba, kiasi cha kodi ukiwa umekifunika. Wengi wanakurudishia punguzo ukikata ndani ya zile 14, kwa hiyo usitishwe na siku nne. Lakini ukilipa, umekubali, na hela hairudi. Wakikataa rufaa watakupa njia ya kwenda mbele. Kampuni za paki zina vyama viwili, na kila kimoja kina wasuluhishi wake wa rufaa: ya chama cha BPA inakupeleka POPLA, ya chama cha IPC inakupeleka IAS. Mimi nina imani kubwa zaidi na POPLA, hayo ni maoni yangu. Kwa POPLA, ukishinda kampuni imefungwa, ukishindwa wewe hujafungwa, bado unaweza kusubiri wakupeleke mahakamani. Huko ni chumba cha madai madogo, huhitaji wakili, na unajibu kwa intaneti hata ukiwa hapa Pasiansi: siku 14 kusema umepata hati, na ukishasema hivyo unapata jumla ya 28 kuandika utetezi. Barua zote nyingine unaweza kuzitupia kwenye faili. Ile ya onyo kabla ya madai yenye siku 30, na hati ya mahakama yenyewe, hizo haziwekwi juu ya friji.

---

Kutoka: Wa Buzuruga, Luton

Samahani kudandia. Mkataba wangu mimi unasema waziwazi "gari lionyeshe kibali halali muda wote, vinginevyo litatozwa na msimamizi wa paki". Nimo pia?

---

Kutoka: Mzee wa Pasiansi

Hapana mwanangu, wewe hoja hiyo huna, umeitia sahihi. Wewe pigania bango kama halisomeki, tarehe kama zimekosewa, na picha ya kibali chako kuonyesha ulikuwa nacho. Na umsihi wakala wa jengo kiungwana.

---

Kutoka: Wa Mkuyuni, Glasgow

Na sisi wa Skotlandi?

---

Kutoka: Dada wa Nyakato, Coventry

Ile sheria ya 2012 ya kumbana mwenye kadi haiwahusu. Dereva bado wanaweza kumdai. Msichane lakini!

---

Kutoka: Mwana wa Kirumba, Leicester

Nimerudi Leicester tangu mwezi uliopita, naleta mrejesho.

Mwenye nyumba alijibu siku ya pili. Nakala ya kanuni hajawahi kunipa kwa sababu naye hajawahi kupewa. Ilimkera kuliko ilivyonikera mimi, maana na yeye nafasi ile ameinunua. Akambana wakala wa jengo, tiketi mbili zikafutwa. Ya tatu kampuni ikasema "imeshachelewa kwenye mfumo", sijui mfumo gani huo usiojua kurudi nyuma. Nikakata rufaa kama mwenye kadi, wakakataa kwa barua ambayo ni wazi haikusomwa na mtu, imenishukuru kwa kutembelea duka. Nikaenda POPLA na kurasa mbili: mstari wa mkataba, na barua pepe ya mwenye nyumba. Jana POPLA wamenijulisha kwamba kampuni imejitoa, haitatetea. Imekwisha.

Kibali nimekibandika kwa gundi ya fundi viatu niliyotoka nayo Mlango Mmoja. Sasa hakitoki hata nikitaka kuuza gari.

Mzee, mama anakusalimu sana. Dagaa wako debe moja wapo kwa shangazi, pale Pasiansi njia ya uwanja wa ndege. Uwafuate kabla ya Jumamosi, ana wajukuu wanne. Na ile hadithi ya ushindi wa nusu bado unanidai, au mimi nakudai.

---

Kutoka: Mzee wa Pasiansi

Dagaa nimeshawachukua. Wale wajukuu walikuwa wameanza.

Nusu ni hii: nilishinda tiketi, natoka nje, nikakuta nyingine kiooni. Nilikuwa nimepaki nje ya mahakama.