dbx 286s inaniharibia sauti ya voisova, nianzie wapi kuseti?

mzee_wa_tangazo
Habari zenu wakuu. Mimi nafanya voisova hapahapa home, Tabata, matangazo ya redio kidogo na zile sauti za simu za "kwa Kiswahili bonyeza moja", sasa nimepata kazi ya kusoma kitabu cha sauti. Maiki ni Rode NT1-A, intafesi ya kuingiza sauti kwenye kompyuta ni Focusrite Scarlett 2i2, narekodia programu ya Reaper. Nimechukua dbx 286s, lile boksi la kuchakata sauti ya maiki, ya mtumba kwa jamaa aliyekuwa anafunga studio yake, akaniambia hii ukiiunga tu tayari unasikika kama mtangazaji. Nimeunga, sauti imekuwa nzito kweli siwezi kukataa, ila kuna mambo yananikera. Intafesi inawaka nyekundu hata geini nikishusha mpaka mwisho. Halafu nikinyamaza kidogo katikati ya sentensi nasikia pangaboi la sebuleni linapanda shwaaaa kisha linakatika ghafla. Na mwenye kazi karudisha sampuli anasema mwisho wa maneno unaliwa, nimesoma "akarudi nyumbani kwake" yeye anasikia "nyumbani kwak". Waya niliouziwa dukani una jeki upande mmoja na XLR upande wa pili, vitufe vyote vya dbx nimeviweka katikati. Naomba mwongozo jamani, kazi yenyewe ina deadline.

fundi_mitambo
Mkuu tuanze na waya maana hapo ndo tatizo namba moja lilipo. Hiyo dbx ni priampu kamili, yaani kikuza sauti ya maiki, ikishapokea maiki inatoa sauti ambayo tayari imekuzwa, ndo tunaita laini. Wewe umeiingiza kwenye 2i2 kwa XLR, na kwenye ile 2i2 ukichomeka XLR sauti inapita kwenye priampu ya maiki, ukichomeka jeki ndo inaenda laini. Kwa hiyo una priampu mbili zimepandana, lazima iwake nyekundu hata ushushe geini vipi.

Kanunue waya wa jeki kwa jeki, ila angalia ncha yake, iwe na mistari miwili myeusi, hiyo ndo TRS. Yenye mstari mmoja ni ya gitaa, itafanya kazi lakini utaokota mingurumo njiani. Chomeka kwenye OUTPUT ya dbx, sio INSERT, ziko jirani pale nyuma na watu wengi wanakosea. Kwenye intafesi hakikisha INST (ya gitaa) imezimwa na 48V (umeme wa kuwashia maiki) imezimwa. Narudia, 48V ya intafesi ZIMA, ya kuwashia hiyo Rode ni ile ya kwenye dbx.

Ukishamaliza hapo bonyeza PROCESS BYPASS ili kompresa (inayobana sauti kubwa) na wenzake wote wakae pembeni ibaki priampu peke yake. Geini ya intafesi iache chini kabisa au karibu na chini, soma kwa nguvu ileile utakayosomea kazi, pandisha MIC GAIN mpaka vilele vya sauti kwenye Reaper vicheze kwenye dB -12 hivi. Usitamani kufika karibu na sifuri, ukirekodi biti 24 nafasi ipo ya kutosha, utapandisha baadaye bila hasara. Na kwa vile ni mtumba geuza nyuma usome imeandikwa volti ngapi, kuna matoleo ya 120 ya Marekani yanazunguka mitaani, huku kwetu 230 litakufia mkononi.

kelele_sifuri
Mimi ningekuwa wewe ningeuza. Reaper ina ReaComp (kompresa), ReaGate (geti, inayofunga sauti ukinyamaza) na ReaEQ (ya kurekebisha besi na trebo) humo ndani bure, kila kitu kinachofanywa na hilo boksi unakifanya baada ya kurekodi na ukiharibu una-undo. Ukirekodi na geti limeshakata ile "e" ya kwake hakuna plagini duniani ya kuirudisha, unarudia kusoma ukurasa. Dbx ni kwa mtu wa laivu, redio, podikasti, strimu, kitabu cha masaa kumi unajitafutia nini.

fundi_mitambo
@kelele_sifuri kuuza sio lazima, priampu yake iko poa na kile kitufe chake cha 80 Hz kinakata mingurumo ya malori kabla haijaingia. Ila kwamba geti lisirekodiwe kwenye kitabu, hapo tuko pamoja.

Bi_Msomaji
Wanangu mmezungumza vifaa vizuri, mimi niongeze upande wa usomaji kwa sababu nimekaa sana mbele ya maiki za taarifa ya habari. Kiswahili chetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ile ya mwisho kabisa inashuka, hasa ukiwa unamalizia sentensi. Sema "kwake" polepole mbele ya maiki uangalie wimbi kwenye skrini, "kwa" ni mlima na "ke" ni kichuguu. Geti linapima nguvu tu, likiona kichuguu linadhani umeshanyamaza, linafunga. Na maneno karibu yote yetu yanaishia na irabu kwa hiyo unaliwa kila mwisho wa sentensi, sio bahati mbaya. Mwanzoni kuna kesi nyingine, "mtoto", "nchi", "mbuzi", ile m au n inaanza chini sana kabla ya konsonanti kulipuka, geti likichelewa kufunguka unasikika "toto" na "chi". Dbx haina kitufe cha kuamua geti lifunguke haraka kiasi gani, ina THRESHOLD (kiwango cha sauti ambacho chini yake linafunga) na RATIO (linapunguza kwa ukali gani) tu. ReaGate ina pre-open, inafungua kabla neno halijafika, ndo maana kazi hiyo ifanyike huko.

Kama lazima utumie ya kwenye boksi, weka RATIO chini, 1.5 au 2, hapo inapunguza tu haikati, halafu unaseti THRESHOLD huku unasoma sentensi zinazoishia kwa upole, sio huku unapiga kelele za "halo halo moja mbili". Mtu akiseti kwa "halo halo" anapata sauti ya "halo halo".

Na hilo pangaboi lizime mwanangu. Joto la Dar nalijua, zima, rekodi vipande vifupi, washa upumue, endelea.

mzee_wa_tangazo
Bi_Msomaji shikamoo, hiyo ya kichuguu nimeiangalia kwenye wimbi ni kweli kabisa, nilikuwa nalaumu maiki bure. Waya wa TRS nimepata, nyekundu imekwisha. Swali, kwa nini pangaboi linasikika zaidi na dbx kuliko nilivyokuwa narekodi moja kwa moja? Si chumba ni kilekile?

fundi_mitambo
Kompresa hiyo mkuu. Chukulia kelele ya chumba iko -62 na sauti yako vilele -10. DRIVE, kile kitufe cha kompresa, ukiikaza ikashusha vilele kwa dB 12, sauti inakuwa ndogo, wewe unafidia kwa OUTPUT GAIN dB 12. Vilele vimerudi palepale -10, ila ukinyamaza kompresa inaachia, na pangaboi nalo limepandishwa 12, sasa liko -50. Halafu geti linashtuka linakata. Ndo hiyo shwaaa yako. DENSITY nayo ukiizidisha kompresa inaachia haraka, shwaaa inawahi kuja.

Wewe shusha DRIVE mpaka taa za gain reduction (zinazoonyesha kompresa inashusha dB ngapi) ziguse 3, mara mojamoja 6 ukikazia neno. HF DETAIL sifuri, inapandisha ule mchirizo wa s na wewe ushasema vitufe viko katikati. Diesa, ile ya kupunguza ukali wa s, anza kwenye 5 au 6 kHz, rekodi "shilingi sitini na sita za sasa", kaza mpaka s ziache kuchoma masikio halafu rudisha nyuma kidogo, ukizidisha unakuwa na kithembe.

Ukitaka kipimo, ACX ambao ni vitabu vya sauti vya Audible wanataka wastani wa nguvu ya sauti (RMS) kati ya dB -23 na -18, vilele visivuke -3, kelele ya chumba isizidi -60. Mteja wako anaweza kuwa na vyake muulize, ila ukipita hapo wengi hawatakusumbua.

kelele_sifuri
Na umbali wa maiki hujaulizwa. Ukisogea nusu ya umbali sauti yako inapanda kama dB 6 na kelele ya chumba inabaki ilivyo, hiyo ni bure. Shubiri moja kutoka mdomoni, maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo isiwe usoni kabisa, la sivyo kila "p" ya pesa na pole inapiga ngumi. Nyuma yako tundika blanketi zito au simamisha godoro, NT1-A ni kondensa inasikia mpaka mwangwi wa ukuta ulio nyuma yako.

mzee_wa_tangazo
Nimerekodi ukurasa mzima na BYPASS, godoro nyuma, pangaboi limezimwa, kelele inasoma -61. Mwenye kazi kasema hii endelea nayo. Kimebaki kitu kimoja, kuna mngurumo mdogo mmmmm wa chinichini, unakuja na kuondoka.

fundi_mitambo
Chomoa chaja ya laptop urekodi kwa betri. Ukipotea ni hiyo, kwetu umeme ni 50 Hz na mngurumo wake unausikia hapo na kwenye 100. Basi laptop na dbx zichomeke kwenye ekstensheni moja zitumie earth moja. Kuna watu watakwambia uvunje pini ya earth ya plagi, usithubutu, hiyo ndo inakulinda usipigwe shoti.

mzee_wa_tangazo
Ilikuwa chaja. Betri inanipa kama saa moja na nusu, inatosha sura mbili.